Kifundo cha Mguu Kilichovunjika: Kwa Nini Daktari Hupiga Picha Wakati wa Upasuaji?



Hapa Kamituga watu wengi huishi kwa nguvu za miguu yao. Mchimbaji hushuka shimoni kwa miguu, tena hupanda akiwa na mfuko wa mawe mgongoni. Mama anayetwanga mawe hubeba mzigo wake mlimani kwenda na kurudi. Motari huweka mguu chini kila pikipiki inapoteleza matopeni. Basi kifundo cha mguu kikivunjika, si mfupa peke yake ulioharibika. Chakula cha nyumba nzima kimeingia katika hatari.

Wengi waliovunjika hivyo hufika hospitali na kupigwa radio, maana ndivyo tunavyoiita kwetu picha ya mifupa. Kisha huambiwa kwamba wanahitaji upasuaji. Halafu husikia kwamba picha nyingine zitapigwa mle mle katika chumba cha upasuaji, wakati wamelala mezani. Ndipo maswali huanza. "Si nimekwisha kupigwa picha? Je, wanataka kuongeza malipo? Je, mionzi hiyo haitanidhuru?" Maswali haya ni mazuri, na katika somo hili tutayajibu moja moja.

Jibu kwa ufupi ni hili. Picha ya kwanza humwonyesha daktari jinsi mfupa ulivyovunjika. Picha ya wakati wa upasuaji humwonyesha kama mfupa umerudi mahali pake, naye akiwa bado na nafasi ya kuurekebisha. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

1. Kifundo cha mguu kimejengwaje?

Wachimbaji wataelewa upesi. Mnapochimba njia chini ya ardhi, mnasimamisha nguzo mbili, moja huku na moja huku, na juu yake mnalaza mti. Kifundo kimejengwa kwa namna hiyo. Mti wa juu ni mwisho wa mfupa mkubwa wa muundi. Nguzo ya ndani ni lile jicho la mguu la upande wa ndani. Nguzo ya nje ni jicho la mguu la upande wa nje, ambalo ni mwisho wa mfupa mwembamba unaoshuka kando ya muundi.

Katikati ya nguzo hizo umekaa mfupa mwingine, juu ya kisigino. Tuuite mfupa wa katikati. Huo ndio unaopokea uzito wote wa mwili, nao huenda mbele na nyuma kila tunapopiga hatua. Umefunikwa na ngozi laini nyeupe, yenye kuteleza, ili mifupa isisagane. Tena mifupa miwili ya muundi imefungwa pamoja, juu kidogo ya kifundo, kwa kano zenye nguvu, kama fito zilizofungwa kwa kamba.

2. Kinavunjikaje?

Mara nyingi mguu hupindika ukiwa umekanyaga chini, na mwili hugeuka upande mwingine. Ndivyo inavyokuwa mtu anapoteleza kwenye kilima wakati wa mvua, au pikipiki inapomwangukia. Huenda nguzo ya nje ikavunjika peke yake. Huenda zote mbili zikavunjika, pamoja na ukingo wa nyuma wa mfupa mkubwa. Pengine kano zile za kufunga mifupa miwili nazo hukatika.

Si kila mvunjiko unahitaji kisu. Kama ni nguzo ya nje peke yake, na mfupa wa katikati haukuhama, wengi hupona kwa plasta au kwa kifungo kingine. Lakini kama mfupa wa katikati umetoka mahali pake, au utatoka mgonjwa akikanyaga, mara nyingi daktari atasema kwamba upasuaji unafaa. Huirudisha mifupa mahali pake, kisha huishika kwa bamba la chuma na visi.

3. Milimita moja ina neno gani?

Chukueni rula ya mtoto wa shule. Tazameni nafasi kati ya mistari miwili midogo. Hiyo ni milimita moja. Mtu atasema, "Kitu kidogo hivyo kina neno gani?"

Mwaka 1976 waganga wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, waliandika habari za kazi waliyoifanya juu ya vifundo vya watu waliokufa. Waliusogeza mfupa wa katikati upande wa nje kidogo kidogo, wakapima sehemu inayogusana na mfupa wa juu. Waliposogeza milimita moja tu, sehemu ile ilipungua kwa asilimia 42, ndiyo kusema karibu nusu.

Fikirini maana yake. Uzito wa mwili haukupungua, wala mzigo mgongoni haukupungua. Lakini mahali pa kuubeba pamebaki zaidi ya nusu kidogo. Basi ile ngozi laini nyeupe hubanwa mahali pamoja, nayo huanza kuchakaa. Mtu huyo aweza kutembea mwaka wa kwanza, akadhani amepona. Baadaye kifundo huvimba kila jioni, huuma wakati wa kushuka mlima, na mwisho hukakamaa. Aliyekuwa mchimbaji huketi nyumbani.

Mwenye dhahabu hakubali mnunuzi aipime kwa jicho. Husema, "Weka kwenye mizani." Basi na kifundo cha mguu kisipimwe kwa jicho peke yake. Picha wakati wa upasuaji ndiyo mizani ya daktari.

4. Kwa nini picha za kwanza hazitoshi?

Kwanza, mifupa huhama. Tangu siku ya picha ya kwanza mgonjwa amebebwa, amefungwa, na kifundo kimevutwa na kunyoshwa. Picha ile ni habari ya siku ile.

Pili, daktari haoni kila kitu kwa macho, hata akiisha kufungua. Hufungua mahali padogo ili asiiharibu ngozi na mishipa. Upande wa nyuma na sehemu ya ndani ya kiungo hubaki zimefichika.

Tatu, visi huingia ndani ya mfupa. Hakuna jicho liwezalo kuona ncha yake imefika wapi. Visi ikiwa fupi mno haishiki. Ikiwa ndefu mno huchoma kano na nyama. Ikiingia ndani ya kiungo chenyewe, hukwaruza ile ngozi laini kwa kila hatua.

Nne, na hili ndilo kubwa, kosa likionekana mgonjwa akiwa bado mezani, husahihishwa kwa dakika chache. Likionekana siku tatu baadaye, hulazimu dawa ya usingizi mara ya pili, kidonda mara ya pili, na gharama mara ya pili.

5. Mashine hiyo ni ya namna gani?

Mionzi hii ilivumbuliwa na Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu huko Würzburg katika Ujerumani, mnamo Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ikaonekana pamoja na pete yake. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia.

Kwa miaka mingi picha ilipaswa kuoshwa kwa dawa katika chumba chenye giza. Daktari alingoja, na mgonjwa alikuwa amelala mezani. Tangu miaka ya 1950 zilianza kutengenezwa mashine zenye umbo la herufi C. Upande mmoja wa ile C hutoka mionzi, na upande wa pili huipokea. Mguu wa mgonjwa huwekwa katikati. Daktari akikanyaga kifaa kwa mguu, picha hutokea mara moja kwenye kioo mfano wa televisheni. Mashine ina magurudumu, na ile C huweza kugeuzwa, hata mguu uonekane kutoka mbele na kutoka ubavuni bila kumgeuza mgonjwa.

6. Daktari hutazama nini katika picha?

Kwa desturi hupiga picha za namna tatu: kutoka mbele, kutoka ubavuni, na nyingine kutoka mbele huku mguu umegeuzwa ndani kidogo, kama nyuzi 15 au 20. Hii ya tatu huonyesha nafasi yote inayouzunguka mfupa wa katikati. Hapo hutazama mambo haya:

(a) Je, nafasi kati ya mfupa wa katikati na mifupa mingine ni sawasawa pande zote, juu, ndani na nje? Upande wa ndani ukiwa mpana kuliko juu, mfupa umehamia nje.

(b) Je, mfupa mwembamba wa nje umerudi katika urefu wake? Ukibaki mfupi, au umejipinda, mfupa wa katikati huufuata. Ukiwa sawa, ncha yake na ubavu wa mfupa wa katikati hufanya mviringo mzuri usiokatika, kama ukingo wa sarafu.

(c) Je, ukingo wa nyuma wa mfupa mkubwa umekaa sawa, bila ngazi?

(d) Je, kila visi imekaa ndani ya mfupa, na hakuna hata moja iliyoingia katika kiungo?

(e) Je, ile mifupa miwili ya muundi bado imefungwa pamoja?

Jambo hili la mwisho lina siri yake. Mguu ukiwa umetulia, picha yaweza kuonekana nzuri kabisa, kumbe kano zimekatika. Kwa hiyo daktari akiisha kuweka bamba, huushika mfupa wa nje kwa ndoana na kuuvuta taratibu, au huugeuza mguu nje, huku akitazama kioo. Nafasi ikipanuka, ajua kwamba kamba imekatika. Ndipo huifunga mifupa hiyo miwili kwa visi ipitayo katika yote miwili, au kwa uzi wenye nguvu. Kipimo hiki hakiwezi kufanywa kwa picha ya jana. Ni lazima kifanywe mezani, mgonjwa akiwa hasikii maumivu.

7. Je, picha huonyesha kila kitu?

Hapana. Ni vema tuseme kweli. Mwaka 2006 waganga wa Marekani waliwachunguza wagonjwa 25 ambao mifupa yao miwili ya muundi ilikwisha kufungwa kwa visi. Waliwapima kwa skaneri, ile mashine ya kuonyesha mwili vipande vipande. Kwa wagonjwa 13 waliona kwamba mifupa haikukaa sawasawa, na kwa wengi wao picha za kawaida hazikuonyesha kosa. Picha ya kawaida ni kama kivuli ukutani. Mfupa uliogeuka kidogo waweza kutoa kivuli kile kile.

Kwa sababu hiyo daktari mwangalifu haamini picha peke yake. Hutazama pia kwa macho mahali mifupa inapokutana. Tena hupiga picha ya kifundo kizima cha mguu wa pili, akazilinganisha mbili, kwa maana miguu ya mtu mmoja hufanana. Basi msishangae mkiona mguu usiougua nao umepigwa picha. Katika hospitali zenye mali nyingi, huko ng'ambo, kuna mashine izungukayo mguu na kutoa picha kama za skaneri wakati wa upasuaji. Lakini kulinganisha na mguu wa pili ni njia njema ambayo hospitali yoyote yenye mashine ya picha yaweza kuifuata.

8. Je, mionzi itanidhuru?

Mionzi si kitu cha kuchezea. Mwanzoni watu hawakujua hatari yake. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alijaribu mashine hizo kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka kadhaa. Mikono yake ikapata kansa, naye akafa mwaka 1904. Tangu hapo watu wamejifunza.

Lakini mgonjwa wa kifundo asiogope. Mionzi inayotumika ni kidogo, tena hupigwa kwa nukta chache, nayo huelekezwa mguuni, mbali na tumbo na kifua. Wala haibaki mwilini. Taa ikizimwa, mwanga haubaki chumbani, na mionzi ni vivyo hivyo. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, na aseme kabla ya kupigwa picha, ili wamlinde au wachague njia nyingine.

Walio katika hatari zaidi ni wale wanaofanya kazi hiyo kila siku. Ndiyo sababu mtawaona wamevaa mavazi mazito yenye risasi, na kitambaa kingine cha namna hiyo shingoni. Tena hurudi nyuma mashine inapowashwa, kwa sababu mtu akisimama mbali mara mbili, mionzi inayomfikia hupungua hata kuwa robo. Mkiwaona wakirudi nyuma, msiseme, "Wanatukimbia, watuache tuumie." Ninyi mnapigwa picha siku moja. Wao wako humo mwaka mzima.

9. Kama mashine hiyo haipo?

Mashine ya umbo la C ni ya bei kubwa. Yahitaji umeme usiokatika, na fundi wa kuitengeneza. Hospitali nyingi za Kongo na za nchi jirani hufanya kazi bila hiyo.

Kwa mifupa mirefu, njia imepatikana. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Marekani alianzisha shirika liitwalo SIGN. Walitengeneza msumari wa chuma unaoingizwa ndani ya mfupa wa paja au wa muundi, pamoja na kipimo cha chuma kinachoonyesha mahali pa visi bila kuhitaji picha za mezani. Hospitali ya Tenwek huko Kenya na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, zimeutumia sana.

Lakini kifundo si mfupa mrefu. Ni kiungo, na katika kiungo ile milimita moja hudai haki yake. Pasipo mashine ya C, daktari hufungua mahali pakubwa zaidi ili aone mifupa kwa macho, na pengine huletewa mashine ndogo ya radio mezani, akangoja picha kabla ya kushona kidonda. Hata hiyo ni bora kuliko kushona bila kujua. Pengine atasema mgonjwa apelekwe Bukavu. Kutoka hapa ni karibu kilomita 180 za njia mbaya wakati wa mvua. Ni mzigo mkubwa kwa jamaa, twajua. Lakini mvunjiko mgumu waweza kungoja siku kadhaa, ukiwa umenyoshwa na kufungwa vizuri, na mguu umeinuliwa. Maana mara nyingi daktari mwenyewe hungoja uvimbe upungue, mpaka ngozi ianze tena kuonyesha mikunjo, ndipo apasue.

10. Ninyi nanyi mna wajibu

Daktari awe na mashine nzuri namna gani, kazi yake yaweza kuharibiwa kabla hajaanza, au baada ya kumaliza. Basi shikeni haya:

Mtu akivunjika kifundo, msimkande wala kuvuta mguu kwa nguvu. Mfungieni mguu kwa mto au nguo nene na mbao mbili, msikaze mno. Tazameni vidole. Vikiwa baridi au vyeupe, au havisikii, legezeni kifungo na kumpeleka upesi.

Mguu ukiwa umeelekea upande usio wake, au mfupa umetokeza nje ya ngozi, msilale nyumbani hata usiku mmoja. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, msiurudishe mfupa ndani, wala msitie udongo au majani. Ndugu wa kanisa na jirani wachukue kipoyi wakambebe.

Msimpeleke kwanza kwa waunga mifupa wa kienyeji, mkasema mtakwenda hospitali akishindwa. Majuma matatu yakipita, mfupa umekwisha kuanza kuunga mahali pasipo pake, na upasuaji huwa mgumu mara mbili.

Kabla ya upasuaji ulizeni bila haya: "Je, mtapiga picha kabla ya kushona? Kama hakuna mashine, mtajuaje kwamba mfupa umekaa sawa?" Daktari mwema hakasiriki akiulizwa hivyo. Ulizeni na malipo yake mapema, ili jamaa wajitayarishe.

Baada ya upasuaji, inueni mguu juu ya mto, na mgonjwa achezeshe vidole. Asikanyage mpaka aruhusiwe. Kwa wengi ni kama majuma sita, na kwa mwenye ugonjwa wa sukari ni zaidi. Aache tumbaku, kwa maana huchelewesha mfupa kuunga. Arudi siku aliyoambiwa kwa picha nyingine, hata kama hasikii maumivu. Visi iliyokaa sawa mezani yaweza kuvunjika kwa mtu aliyerudi shimoni kabla ya wakati.

Basi mkisikia kwamba picha zitapigwa mezani, msinung'unike. Picha hizo zinampa daktari nafasi ya kusahihisha milimita moja leo, kabla haijawa kilema cha miaka yote.